Taa ya Chunusi Kabla ya Ndoa

Juzi nilikuwa kwenye duka la vipodozi hapa Tabora mjini, nanunua mafuta, akaingia bibi mmoja wa Kwihara na mjukuu wake. Binti alikuwa amejiziba mashavu kwa ushungi. Ndoa yake ni Ijumaa, na uso umejaa chunusi. Walitaka ile barakoa ya taa, yenye mwanga wa bluu wa chunusi na mwekundu wa makunyanzi.

Muuzaji, Mungu ambariki, hakudanganya. "Inataka wiki kadhaa, dada. Kwa Ijumaa haikufai."

Machozi yakamlenga binti. Bibi akaichukua barakoa, akaivaa, uso wote ukawaka mwekundu.

"Usilie, mke mwenza. Wewe kajiangaze taratibu. Ijumaa nitaolewa mimi."

"Thubutu! Mume wangu yule!"

"Na chunusi zako hizo?"

"Naenda nazo hivi hivi!"

Akaushusha ushungi chini ya kidevu, akatoka uso wazi. Bibi akaivua barakoa, akamfuata nyuma anacheka.

Utani wa bibi na mjukuu umefanya kazi kuishinda taa. Nilimshukuru Mungu kwa dhati. Kisha, anisamehe, nikamgeukia muuzaji nikamuuliza huo mwanga mwekundu, kwa mtu wa umri wangu, unachukua wiki ngapi.