Stika ya Tumbo Langu

Kabla sijaugua nilikuwa fundi cherehani Kizota, mtu wa kelele na kucheka. Nasema hivi mjue sikuzaliwa mnyonge.

Nilijifungua salama, mtoto wa kiume, Baraka. Wifi yangu Neema, mdogo wa mume wangu, akaja kwetu Miyuji kunikanda na maji ya moto. Mzazi akikandwa anakaa uchi, tumbo limelegea, damu bado inatoka. Neema mkono mmoja alishika kitambaa. Kumbe wa pili ulishika simu.

Picha ile ikageuzwa stika ya kutumiana kwenye simu. Niliikuta kwenye kundi la wanawake wa mtaani, imeandikwa: "Humu kabaki pacha." Wakacheka. Mmoja akaongeza: "Baba Baraka kashakimbilia kwa mwingine kule Zuzu." Jasho lilinitoka mpaka kanga ikaloa.

Ningezima simu. Sikuweza. Nafungua, nasoma, nafunga, nafungua tena nione nani kaongeza. Ugali ukawa haupiti kooni. Nywele zilitoka na kitana. Nilinyonyesha huku simu iko juu ya kichwa cha mtoto. Mwisho maziwa yakakata, matiti yakanywea kama soksi.

Kliniki, nesi alimpima Baraka, akampima tena.

"Mama, mtoto anapungua. Weka simu chini, mnyonyeshe nione."

"Siwezi."

"Huwezi kunyonyesha?"

"Siwezi kuweka simu chini."

Hakunifokea. Alinishika mkono hadi kwa daktari. "Hii ni sonona," daktari akasema, "na simu inaichochea. Inatibika. Simu akae nayo mumeo."

Nilipewa dawa, nikawa naenda kuongea na mshauri. Mwanzoni vidole vilitafuta simu hata nikiwa nafua. Mama mkwe alinipikia uji wa karanga, anasimama hapo hapo mpaka niumalize. Maziwa yakarudi, kidogo kidogo.

Neema alipoitwa kuulizwa kuhusu ile picha akasema, "Si utani tu, wifi? Mawifi hawataniani?"

Mama yake akamjibu: "Utani ni kumtania mtu usoni, naye akakujibu. Wewe ulimvizia akiwa uchi."

Mimi nikamwambia, "Ukizaa, tafuta mwingine wa kukukanda."

Namshukuru Mungu, na yule nesi. Wewe unayetukanwa mtandaoni, acha kusoma. Mpe mtu simu, nenda hospitali. Na wewe unayesambaza eti unacheka tu, mtoto wangu alikonda kwa kicheko chako.

Baraka sasa ana mashavu. Watu wananiuliza kama nimemsamehe Neema. Bado. Kwanza nanyonyesha.