Mzee wa Darubini na Homa Iliyojificha

Juma lililopita nilipigiwa simu kutoka Ifakara: yule mzee wa darubini amefariki, na wameshamzika. Wasomaji wangu hamumjui. Alikuwa mpima damu katika zahanati moja ndogo upande wa Katindiuka, mtu mkavu, asiyecheka ovyo. Hata shikamoo yako aliijibu kwa kukuuliza, "Marahaba, umemeza dawa gani kabla ya kuja kwangu?" Nimelia, sifichi. Mtu huyu nilimtukana mbele ya watu, naye akaniokolea mke na mtoto.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nikifundisha shule ya msingi hukohuko. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Ya kwanza ilikuwa imeharibika, kwa hiyo hii tuliihesabia siku. Akaenda Dodoma kumzika bibi yake, na aliporudi homa ikamshika: kichwa, viungo, kutetemeka siku tatu, kisha ikakatika yenyewe. Bondeni kwetu ukisema homa umesema malaria, hakuna anayeuliza la pili. Akameza dawa, tukashukuru. Wiki haijaisha, homa hiyo tena. Ilipotulia tukaenda kupima. Mzee akainamia darubini yake hadi nikadhani amesinzia, kisha akaandika kwenye karatasi neno moja: "Sijaona." Homa ikaja mara ya tatu, ikaondoka, tukaenda, na jibu likawa lilelile. Wakati huo mtoto tumboni alikuwa hachezi tena kama zamani, na mke wangu alishaanza kulia peke yake jikoni.

Uvumilivu ukanishinda. "Sijaona, sijaona! Kama macho yameisha si uwaachie wenye macho?" Foleni nzima ikageuka kunitazama. Mke wangu akanivuta shati: "Jamani mwenzangu, mzee wa watu huyo!" Mzee hata hakunitazama. Alikuwa anamwangalia mke wangu, kanga mpya, nywele zimesukwa, mafuta yananukia.

"Mwanangu, sasa hivi una homa?"

"Hapana, mzee. Imeshuka tangu juzi. Nimepata nafuu, nikaoga, ndiyo nikaja."

"Na kabla ya kuugua ulikuwa wapi?"

"Dodoma, msibani."

"Mlilala wapi?"

"Chini, kwenye mikeka, kama wafiwa wote. Nyumba ya bibi ni ya udongo. Papasi walitula, mzee, we acha tu!"

Papasi ni wale kupe wanaojificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, kisha hutoka kunyonya damu ukishalala. Mzee akavua miwani. "Mficha uchi hazai," akasema. "Homa ikirudi, usioge, usibadili nguo. Mwalimu, mlete akiwa anawaka hivyohivyo."

Na kweli, sisi ndivyo tulivyo. Zahanati haiendwi na jasho la kitandani, watu watakusema. Unangoja nafuu, unaoga, unajipamba, ndipo unakwenda kupimwa ugonjwa ambao siku hiyo umelala.

Siku nilizongoja homa ya mke wangu irudi simwombei hata adui. Nilikuwa naomba isije, na papo hapo naomba ije. Ikaja Jumapili asubuhi, watu wanakwenda misa. Nikampakia kwenye baiskeli, nywele timutimu, kanga imelowa, naye amefunika uso kwa aibu. Mzee akaitwa kutoka kanisani. Akamtoboa kidole, akapaka kioo, akainama.

"Njoo uone, mwalimu."

Nikaona vijiuzi vyembamba vimejipindapinda katikati ya chembe za damu. "Homa ya papasi. Mwili ukipoa, wadudu hawa hawaonekani." Nesi akachoma sindano. Haikupita muda mke wangu akatetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, nami nikapiga kelele kwamba wameniulia mtu. Mzee akanishika mkono: "Dawa inapigana nao. Kaa hapa." Jioni homa ikashuka. Usiku ule mtoto akacheza, nami nikalia kama mjinga. Alizaliwa wa kike, mzima.

Nilimpelekea mzee jogoo na kumwomba radhi. Akashangaa.

"Radhi ya nini? Mwalimu, nikimpa mtu karatasi yangu, husema ahsante mzee, akaenda zake. Neno 'sijaona' yeye analisoma 'huumwi'. Homa ikirudi anaona haya kunisumbua. Wapole hao, wengine nimewazika. Wewe ulirudi, japo na matusi."

Heshima nimeifundisha darasani miaka mingi, na sitaacha. Lakini ndugu msomaji, mwili wako ukiikataa karatasi, usiishie kusema ahsante. Rudi uulize, hata kama foleni nzima itakutazama.