Nilibishana na maji ya akwariamu, sababu saloni nilijijengea mwenyewe

Salamu wakuu wa hapa, na bamaman wote munaosoma bila kuandika. Hii ilinipata mimi mwenyewe, saloni kwangu Kadutu, pale napokelea wageni. Chumvi sikutia. Ningetia, ningejipaka vizuri kidogo.

Kwanza munijue. Shule niliachia kwenye primaire. Lakini hii milima ya Bukavu, nyumba mingi imesimama kwa mkono wangu. Nilianza kwa kubeba mchanga mgongoni, leo niko na batu wa kunibebea. Msingi, ukuta, karo za sakafu, yote najua. Na ile kujua njo iliniponza.

Bwana mmoja wa Nguba alikuwa anahama, akauza akwariamu yake. Ndefu sawa benchi ya kanisa, na meza yake ya chuma. Nikaibeba. Nilitaka mgeni akiingia aone maji na samaki nyekundu, ajue hapa kunaishi mutu.

Nikaiweka ukutani, pembeni ya kiti ya mama mukwe, yeye akiwa upande wa mlango. Mama ya bibi yangu alikuwa ametoka Mudaka kutibisha magoti, na mchana analala palepale kwenye kiti.

Nikajaza. Upande wa mlango maji ikapanda karibu imwagike. Upande wa pili ikabaki chini.

Bibi yangu, Maman Furaha, akaangalia.

"Papa Furaha, hii kitu imeinama."

"Haijainama. Hii nyumba nilijenga mimi."

"Sasa maji?"

"Maji iko napumzika. Mpaka kesho itakaa sawa."

Wakuu, nilisema ile. Mimi!

Mutu anayepima nyumba za batu kwa tuyo ya maji! Munaijua, ile mpira inayoonyesha ndani: mmoja anashika huku, mwingine kule, penye maji inalala njo sawa. Kila siku nafokea mafundi wangu: maji haidanganyi. Kufika kwangu, maji iko napumzika.

Kesho yake haikukaa sawa. Nikasema yule bwana ameniuzia kioo kilichokatwa vibaya. Kisha, ili Maman Furaha anyamaze, nikakunja kartoni ya biskuti, nikaisukuma chini ya mguu mmoja wa meza, upande wa mlango. Nikatia samaki, nikapiga mikono vumbi. Fundi!

Kwetu mama mukwe hamukosoi mukwe wake. Hata akikuona unaelekea shimoni, atakohoa tu.

Yeye akasogeza kiti kidogo. Kesho yake kidogo tena. Mwishowe akafika na kiti yake mpaka barazani. Mimi nacheka: "Maman Furaha, mama yako anaogopa samaki. Hajazoea vitu ya bakubwa."

Halafu mvua ikanyesha, ile ya kwetu, inayopiga mpaka ndani ya baraza. Mama akarudi saloni. Nafasi ilikuwa moja tu, ile ya zamani. Akalala hapo, kichwa chini ya kioo.

Batu waliingia na matope, basi Maman Furaha akamwaga maji saloni, akaisukuma na rakleti, ule mpira wa kukausha sakafu. Ile maji ikapita chini ya meza, ikalowesha kartoni. Kartoni ikawa uji. Chuma ikalia kriii, na kioo ikaanza kuja.

Nikaruka, nikaikumbatia. Tumbo kwenye meza, shavu kwenye kioo, samaki ananiangalia jicho kwa jicho. Kuachilia siwezi. Kuisukuma irudi siwezi.

"Mama! Toka hapo!"

Akaamka na yale magoti yake, akatoka polepole kama anayetoka komunyo. Moyo unaniambia: leo utamuzika mama ya watu.

Alipofika mlangoni ndipo akageuka. Tangu nioe binti yake, alikuwa hajaniambia neno kali.

"Mukwe, shikilia. Mimi niliona tangu siku ya kwanza."

"Sasa mama, mbona haukusema?"

"Nilisogeza kiti."

Maman Furaha alicheka mpaka akaegama ukuta, ndoo mkononi. "Teka basi!" nikamlilia. Akateka, ndoo kwa ndoo, anacheka, mpaka kioo ikawa nyepesi.

Nikaleta nivo, kile kipimo cha fundi, nikailaza chini. Sakafu inateremka kwenda mlangoni. Nani aliiteremsha? Mimi! Nilitia mteremko makusudi, ili maji ya kuosha itoke yenyewe. Nilijisifu nayo kwa majirani, kisha nikaisahau.

Basi wewe unayenunua ya mutumba, pima meza ikiwa tupu, urefu na upana. Mistari ya karo usiiamini. Usiinue mguu mmoja peke yake: kioo inapindika, silikoni ya kona inachoka. Mimi sasa nimekata ubao wa mteremko unaobeba meza nzima, meza nimeifunga ukutani kwa visi, zile skrubu, na juu yake nimetandika sponji. Ukijaza, jaza nusu kwanza, ungoje, uangalie. Maji ikikuambia, kubali.

Kioo yenyewe haijarudi ndani. Iko uani, imejaa maji ya kuipima, hakuna mutu anayekaa karibu, na kona moja iko natoa jasho. Wenye kujua: nichubue silikoni yote nipake mpya, ama nitupe? Samaki wako kwenye basani ya kufulia, na mwenye basani anaidai kila asubuhi.

Hata matusi leteni. Ila iwe fupi, ya nyumbani bado haijaisha.