Mvinyo Nyuma ya Khanga

Kiangazi kile sikutulia hata siku moja. Mwenzangu wa kazini, mama wa Kifaransa, alikuwa anakwenda likizo kwao, na nyumba yake hapa Ghubra, mjini Maskati, angeifunga na kuzima kila kitu. Akaniletea chupa imeviringishwa taulo. Mvinyo mwekundu, wa shamba la mizabibu la ukoo wao, lenye ukuta wa mawe uliojengwa na watawa zamani za zamani. Babake ndiye wa mwisho kulivuna. Alipokufa, ndugu wakaliuza, na katika mavuno yake ilibaki chupa hii moja.

"Sikupi unywe," akanambia. "Niwekee tu. Joto la Maskati litaiharibu."

Amana hiyo! Lau ingekuwa zawadi ningekataa kwa adabu, yakaisha. Amana unaikataaje? Nikaificha kabatini nyuma ya khanga, chumba ambacho kiyoyozi hakizimwi, na raha ikanitoka. Nikiwa kazini nawaza chupa. Nikisali nawaza chupa: pombe, wallahi, ukuta mmoja tu na msala wa mama! Mara niihamishie chini ya kitanda, mara niirudishe kabatini. Nilimchukia yule Mfaransa, kisha nikajichukia mwenyewe.

Mama akaiona. Mama yangu hapitwi na kitu.

"Hii nini?"

"Ya mwenzangu wa kazini. Atakuja kuichukua."

"Pombe ndani ya nyumba yangu?"

"Chupa tu, mama."

Akalifunga kabati, akaenda zake. Nami, kwa uoga wangu, nikaona afadhali.

Mfaransa aliporudi likizo tukamwalika chakula cha mchana. Mama akapika pilau. Aliondoka Pemba msichana mdogo, na shamba la mikarafuu la babake hakuliona tena. Mpaka leo akipika huinusa karafuu kwanza, akanung'unika kwamba hii si ya kwao. Nikaenda kabatini kuchukua amana ya watu. Khanga zipo, chupa hakuna.

Tukala. Mimi sijui nilikula nini. Baada ya kahawa na halwa, mama akatoka jikoni na chupa mkononi, imesuguliwa inang'aa, karatasi yenye picha ya ukuta imebanduliwa yote. Ndani, mpaka shingoni, marashi ya mawaridi ya milima ya Jabal Akhdhar, yale anayotuficha hata sisi wanawe.

"Mwambie uchafu wake nimeumwaga," akasema, uso umemchanua. "Lakini mie chombo cha mtu sikirudishi kitupu. Hata kikombe cha sukari nikiazima, hurudi na kitu."

Nikatafsiri, uchafu nikauruka. Mgeni akaipokea kwa mikono miwili. Akashukuru vizuri sana. Kisha akapapasa pale palipokuwa na karatasi, na machozi yakaanza kumtoka.

"Kulikoni?" mama akashtuka. "Hapendi mawaridi?"

Ikabidi niseme. Nikasema yote kwa Kiswahili, mbio mbio, macho chini: shamba, ukuta, babake, ndugu walivyouza, na kwamba hii ilikuwa ya mwisho.

Mama akajikalisha zuliani pembeni ya mgeni, akamshika mkono. Halafu akanigeukia mimi.

"Ulinambia chupa," akasema. "Shamba hukunambia."