Alisema Aliungulia Jikoni

Wagonjwa walimwita Mama Sabuni, naye hakuwa na neno. Alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya daktari mmoja, vyumba vichache na korido yenye benchi. Ukiingia chumba chake cha kufunga vidonda bila kunawa, alikurudisha sinki kama mtoto wa chekechea, uwe mzee, uwe na suti. Watu walinung'unika, kisha wakawaleta ndugu zao kwake. Vidonda alivyofunga yeye havikuoza.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mpole mpaka wakamcheka. Alipika, alifua, na jioni alimkanda mkewe miguu kibarazani bila kujali nani anapita.

"Huyo amekaliwa kichwani," wanaume walisema. Naye anacheka, anaendelea kukanda.

Pale zahanati palikuwa na mashine ya mvuke ya kuchemshia mikasi na vibanio. Mpira wa kifuniko chake ulikuwa umechanika, mvuke unavuja pembeni. Mama Sabuni alilisema jambo hilo mpaka akaona haya kulirudia.

"Wakaguzi wanakuja wiki hii, dada yangu," daktari alimwambia. "Nikimwita fundi sasa, wataikuta vipande vipande mezani. Tusubiri wapite. Wewe ikaze tu."

Akaikaza. Asubuhi, siku moja kabla ya ukaguzi, kifuniko kiliruka. Mvuke ulimbabua mkono wa kulia, vidole mpaka kiwiko, ukapanda shingoni na shavuni. Alipiga ukelele mmoja, kisha akabaki anautazama mkono kama wa mtu mwingine.

Daktari alimtibu mwenyewe, taratibu, huku analia, na machozi yalikuwa ya kweli. Alipomaliza kufunga bandeji akavuta kiti.

"Wakijua mtu ameungua humu ndani, wanatufunga. Hao wagonjwa wako waende wapi? Sema umeungulia jikoni, sufuria imekumwagikia. Nani atauliza zaidi?"

"Na mashine?"

"Itatengenezwa, haki ya Mungu. Na kazi yako iko palepale, hata ukikaa nyumbani miezi."

Alimweleza mumewe. Fundi alifikiri kidogo, akasema basi na iwe hivyo, ni siku mbili tatu tu, litasahaulika.

Wakaguzi walikuja, wakasifu sinki, wakasifu mapipa ya taka yenye vifuniko. Mmoja wao, mwanamama mwenye sauti ya upole, alimkuta Mama Sabuni koridoni na bandeji zake.

"Umepatwa na nini, dada?"

"Maji ya moto. Jikoni."

"Mpaka shavuni?"

"Mpaka shavuni."

"Mlikuwa nani na nani nyumbani?"

"Mimi na mume wangu."

Mkaguzi alimtazama sana. Zahanati ikapewa alama za juu za usalama, daktari akapigwa picha mlangoni.

Benchi lilikuwa limejaa, na kila aliyekaa pale alikuwa na masikio. Jua halijazama, mtaa mzima unajua. Sufuria gani inamwagikia juu? Hao wapole ndio wenyewe! Wanawake walikwenda dukani kwa fundi kudai vitambaa vyao, na vilivyokwisha kukatwa wakavibeba hivyo hivyo, mkono huku, kola kule. Mtu akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: MCHOMAJI. Vijana wakamvizia anafunga duka, wakamng'oa meno ya mbele kwa jiwe. Majirani walikuwa vibarazani mwao, wanaona. Hakuna aliyeinuka.

Mama yake fundi akaja kwa basi kutoka mbali. Hakumuuliza mwanawe lolote. Alikaa karibu na mkwe wake, akamshika mkono ulio mzima.

"Baba yake alikuwa hivi hivi, mwanangu," akasema, fundi amesimama palepale. "Nilidhani huyu amenifuata mimi."

"Mama, hajanigusa!"

"Nami nilikuwa nawaambia watu hivyo."

Fundi alitoka nje, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alimwambia mkewe, "Kawaambie ukweli. Nakuomba. Mama yangu mzazi ananiangalia kama mbwa."

Mama Sabuni alianzia kwa daktari. Mashine ilikuwa imeshatiwa mpira mpya. Ilikuwa kazi ya dakika chache, fundi wa mashine aliimaliza chai yake haijapoa.

"Mpira upi uliochanika?" daktari aliuliza. Kisha akapaza sauti, isikike mpaka kwenye benchi: "Dada yangu, mumeo anakusumbua tena?"

Akaenda ofisini kwa wakaguzi. Yule mwanamama alifunga mlango, akammiminia maji, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Amekutuma yeye, sivyo?"

"Hapana. Nakwambia kilichotokea."

"Wengi wanakuja hapa kufuta maneno yao. Amekutishia nini?"

Mama Sabuni alipiga meza kwa ule mkono mbovu. Ngozi changa ikapasuka, damu ikatapakaa mezani, naye akawa anapiga kelele kwamba mumewe hana kosa. Mkaguzi alimkumbatia. Kadiri alivyopiga kelele ndivyo alivyokumbatiwa.

Kesho yake polisi walimkamata fundi mbele ya duka lake, watu wakapiga makofi. Walimshikilia wiki kadhaa, wakamwachia kwa kukosa shahidi. Hakurudi mtaani. Yuko mji mwingine, anashona sare za shule, na kwa sababu ya pengo la meno haongei sana.

Zahanati ina muuguzi mpya. Mama Sabuni anaishi kwa dada yake mkubwa, aliyekuja kumchukua fundi alipokamatwa. Vidole vyake vimegandamana, havishiki mkasi, hata kijiko havikishiki. Dada yake anamlisha, anamsuka, anampenda kweli. Simu pia anaishika yeye. Kila jioni ikiita anatazama namba, anaikata, anarudi kwenye sahani.

"Nipe niongee naye, dada. Ni mume wangu."

"Fungua mdomo, mdogo wangu. Kula. Hapa hakupati."