Fundi wa Bunduki wa Lidcombe

Fundi wa bunduki wa Lidcombe, mtaa wetu huku ughaibuni, hushika kila bunduki kwa namna moja: huielekeza ukutani, huifungua, huchungulia ndani, kisha hukuonyesha nawe kwamba haina risasi. Akiiweka mezani anywe chai, akirudi huanza upya. Barakoa yake imejaa vumbi la mbao, na Kiswahili chake cha Eldoret hukitoa polepole, kama anayebembeleza mtoto. Tulimwendea vizuizi vya korona vilipolegezwa, mimi na binti yangu Déborah, aliyealikwa kuwinda sungura shambani kwa kina rafiki yake. Yeye alitaka ile ndefu nyeusi. Fundi akampa nyepesi. "Fumba macho, uiweke begani. Sasa fumbua." Shavu lilikaa vizuri, ila kitako kilikuwa kirefu kuliko mkono wake. Fundi akakipunguza, akapiga msasa, akampa ajaribu tena na tena, bila kuchoka.

Halafu akaifunga, ikalia ka! Nikajikuta nimechuchumaa chini ya dirisha, mikono kichwani, kama zamani Bukavu wakati wa vita. "Mum, it's empty," Déborah alininong'oneza kwa aibu. Fundi alichomoa kile chuma kinachofyatua risasi, akaniwekea kiganjani, kikiwa bado na joto la mkono wake. "Kaa nacho, mama. Bila hicho, hii ni mbao na bomba tu." Akarudi kwenye msasa wake, akiimba chini chini. Alipomaliza hakukidai. Alivuta kiti, akakaa, akasubiri mpaka nilipoinuka mwenyewe nikamkabidhi Déborah kile chuma.