Lita Mia Mbili za Mbele

Fundi bomba mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Futi kwa sababu futi kamba haikutoka kiunoni mwake hata siku ya harusi yake, alipata habari za pikapu ya umeme akiwa amelala chali chini ya sinki la mteja. Simu ilitetemeka mfukoni. Alikuwa rafiki yake, fundi rangi, aliyemtumia picha ya gari lililofunikwa shuka na maneno machache chini yake: inakuja mwakani, haina injini, na chini ya boneti kuna nafasi ya lita mia mbili.

Sasa, mtu mwingine akisikia lita huwaza maziwa, au mafuta ya taa. Futi akisikia lita huwaza maji, na akiwaza maji huliona tangi. Hapo hapo chini ya sinki, na tone likimdondokea shavuni, akaamua kwamba gari hilo limewekewa tangi la maji mbele. Ndivyo mtu mzima mwenye akili zake alivyoingia mkenge peke yake, bila kusukumwa na yeyote.

Mchana alifika kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mahali ambapo mafundi hukaa juu ya mifuko ya saruji wakisubiri kazi na kuzisema kazi za wenzao.

"Wameweka tangi," alitangaza. "Lita mia mbili. Maji yakikatika kwa mteja, mimi nafungua boneti, navuta mpira, kazi inaendelea."

"Maji na umeme kwenye gari moja?" fundi rangi akashangaa. "Ukipiga kona si unapigwa shoti?"

"Ndiyo maana wanaliita la kisasa."

Hoja ikapita. Kilichowatoa povu ni bomba la kufungulia maji: liko upande wa dereva au wa abiria? Mwenye duka alishikilia upande wa dereva, Futi akashikilia wa abiria, na walibishana mpaka mteja aliyetaka misumari akaondoka zake. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza kama tangi lenyewe lipo.

Jioni, mezani, binti yake ndiye aliyemtoa tongotongo. Binti huyu ni mwalimu wa hesabu, na baba yake humwogopa kidogo.

"Baba, hizo lita ni ujazo tu. Ni sehemu ya kuweka mizigo, buti la mbele. Hata begi langu la mgongoni lina lita thelathini."

"Na halivuji?"

"Halina maji, baba!"

Mkewe, aliyekuwa akipamba keki upande wa pili wa meza, aliweka chini mfuko wa krimu na kucheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na sukari. Futi alimtazama, akacheka naye, kisha akanyamaza ghafla. Buti la mbele. Lina mfuniko wake. Limetengwa kabisa na mahali wanapokaa watu.

Ni lazima nikueleze kilichomnyamazisha. Mkewe alikuwa mwokaji wa keki za harusi, na zamani kila Jumamosi alipanda pikapu kuukuu ya mumewe, keki yake ya duara moja mapajani, wakienda wanapiga soga na kuwasengenya wateja wa pande zote mbili. Kisha ikaja Jumamosi moja ambayo keki ilifika ukumbini ikinuka gundi ya mabomba. Shangazi wa bibi harusi aliinusa, akauliza mbele ya watu kama imepigwa vanishi. Mama wa watu aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke. Hakugombana na mumewe. Alisema tu kwamba gari lile na keki zake havipikiki chungu kimoja, na tangu siku hiyo akawa anaita teksi. Mwaka wa tatu huo. Keki za ghorofa zilimjia baadaye, na sifa zikaja nazo, lakini Futi hakuwahi kuziona zikiondoka, kwa kuwa teksi ilifika yeye akiwa kazini. Alimkumbuka mkewe, na huku wanalala kitanda kimoja.

Kuanzia jioni ile, Futi hakuwa na habari nyingine. Kila tetesi ya pikapu ilipita mkononi mwake. Fundi rangi alileta ya kwanza: ati nyuma ya viti kuna tundu refu, linatoka upande mmoja wa gari hadi wa pili, na kila upande una kimlango. "Humo unasokomeza mabomba yako," alisema, "na mimi ngazi yangu." Mwenye duka akaleta ya droo chini ya sakafu ya nyuma. Mwingine akaapa kwamba mfuniko wa nyuma ukiushusha unageuka benchi la kazi. Walizipokea zote, wakaongeza chumvi, wakazirudisha barabarani zikiwa nono zaidi.

Futi alizisikiliza zote kwa adabu, lakini roho yake ilikuwa mbele, chini ya boneti. Tatizo lilikuwa kwamba lita hazisemi umbo. Lita mia mbili zaweza kuwa ndefu na nyembamba, zaweza kuwa pana na fupi. Maji hayana neno, hujaa popote unapoyaweka. Keki ya ghorofa tatu ina msimamo wake.

Basi Ijumaa moja, mkewe alipoipanga keki mezani ili aione ilivyokaa, Futi alinyata na futi kamba, akaipima kimo na upana, akaandika kiganjani. Akakata maboksi, akayagundisha, akatengeneza boksi moja la kimo cha keki ile, na mengine ya kila umbo ambalo lita mia mbili zingeweza kuchukua. Sebule ilijaa maboksi hadi binti akawa anaingia kwa mlango wa jikoni.

"Spana zako sasa zinataka nyumba ya ghorofa?" mkewe aliuliza.

"Subiri tu utaona," alijibu, na kujidai kama mtu mwenye siri ya serikali.

Siku ya siku ikafika. Wauzaji walileta pikapu moja kwenye uwanja wa wazi ili watu waishike, asubuhi ya Jumamosi. Mkewe alikuwa na keki ya alasiri na hakutaka kutoka, lakini Futi alimbembeleza mpaka akakubali dakika kumi, wakaenda kwa miguu, yeye na unga kwenye mkono wa gauni, mumewe na boksi kwapani. Fundi rangi alikuwa amekwishafika, anapangusa rangi ya mlango kwa kidole na kutikisa kichwa kwa wivu.

Dada aliyevaa sare alibonyeza ufunguo, boneti likainuka taratibu. Ndani kulikuwa na taa, zulia jeusi, na chini kabisa kizibo cha mpira.

"Hiki cha nini?" Futi akauliza.

"Cha kutolea maji, ukitaka kupaosha."

"Umesikia?" alimgeukia fundi rangi, uso ukimeremeta. "Cha kutolea maji! Mimi nilisema nini?"

Kisha akaliteremsha boksi lake, kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto. Liliingia. Lakini boneti lilikuwa limeinama kuelekea mbele, na liliposhushwa likagonga juu ya boksi. Alilisogeza nyuma, akaligeuza, akalijaribu kwa pembe. Lilibaki limezidi kwa upana wa kiganja. Wale waliokuwa kwenye foleni walianza kukohoa. Futi alisimama pale, na kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa hakutaka kupima kitu.

"Hilo boksi ni la nini hasa?" mkewe akauliza kwa sauti ya chini.

"Ni keki yako," akasema. "Ghorofa tatu. Nilitaka upande gari langu tena. Jumamosi naendesha peke yangu, mke wangu, kiti chako nimekiwekea nyundo."

Mkewe alilitazama boksi. Midomo ikaanza kumcheza.

"Baba watoto, nani alikwambia keki inasafiri imesimama?"

"Si ndivyo inavyokaa mezani?"

"Mezani! Njiani ikisimama itafika uji. Kila ghorofa ina boksi lake, mimi huipandisha kulekule ukumbini. Miaka mitatu nabeba vipande, hujui?"

Hakujua. Ilimchoma kidogo kwamba hakujua.

"Na mimi sikushushwa na ukubwa wa gari," mkewe akaendelea. "Nilishushwa na gundi. Si uiweke nyuma?"

"Sanduku la vifaa huko nyuma linavuja, mvua inaingia..."

"Wewe? Unaziba mabomba ya mji mzima, na sanduku lako linavuja?"

Fundi rangi alicheka mpaka akaegemea gari jipya, na dada wa sare akaja kufuta alama za vidole vyake.

Walirudi nyumbani mbiombio. Futi aliziba sanduku kwa nusu saa, kazi aliyoiahirisha miaka mitatu, akafungia gundi humo, akaosha kebini kwa sabuni mara mbili na kuacha milango wazi juani. Saa tisa mkewe aliingiza kichwa, akanusa kiti, akanusa dashibodi, akamnusa na dereva. Kisha akapanda. Ghorofa kubwa ilikaa kati yao, ya pili sakafuni, ndogo mapajani mwake. Njia nzima waliwasengenya wateja, na Futi aliendesha polepole kiasi kwamba baiskeli ziliwapita. Furaha ilimjaa kifuani, akashindwa hata kupiga honi.

Ukumbini mkewe alikunja karatasi, akaisokomeza chini ya mguu mmoja wa meza, akafumba jicho kutazama.

"Ngoja," Futi akasema.

Alikimbilia kwenye gari, akarudi na pima maji yake, kile kifaa cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa, akailaza juu ya kitambaa cheupe. Kiputo cha ndani yake kilikimbilia pembeni. Akapiga magoti na suti ya kazi, akaichomoa karatasi ikaanguka sakafuni, akazungusha skrubu za miguu ya meza mmoja mmoja, mpaka kiputo kikatulia katikati. Mkewe akapandisha ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Keki ikasimama wima.

"Siku zote nilikuwa nakisia," akasema.

"Na ilikuwa inasimama?"

"Inasimama, ila imeinamia upande wa bwana harusi. Watu wakadhani ndiyo mtindo." Akainama, akaiokota ile karatasi iliyokunjwa na kuitia mkononi mwa mumewe. "Itupe," alisema. "Jumamosi ijayo tunatoka saa nne."